Nyumba Ambayo Mkunga Hakuinunua

Mkunga hakuja kuomba, alikuja kugomba. Aliusukuma mlango wa kitengo cha uchunguzi kwa bega, akakiburuta kiti kilichokuwa dirishani mpaka mbele ya meza, akakaa bila kukaribishwa.

"Nani hapa anaitwa Bisibisi?"

Wachunguzi wawili waliokuwa wakinywa chai wakatazama ndani ya vikombe vyao. Mwanamke aliyekaa nyuma ya meza akafunika kalamu yake.

"Ni mimi. Ni jina la utani, lakini naliitikia."

Jina hilo alilipata humo humo, katika ofisi ya kodi ya ardhi na majengo. Wenzake walisema yeye havunji kitu, anakizungusha polepole tu mpaka kilegee chenyewe.

"Basi nieleze, mwenzangu. Kule kwenye dirisha la huduma wameniambia mimi nina nyumba. Tangu niolewe nakaa nyumba ya kupanga. Hiyo nyumba yangu iko wapi, nikahamie leo?"

Mmoja wa wanywaji chai akacheka, kisha akajifanya amepaliwa.

Bisibisi alikuwa amelisoma faili asubuhi ile. Hakulifungua tena. Alimtazama mkunga: mama wa makamo, viatu vyeupe vya kazi, kucha fupi, macho ya mtu aliyetoka zamu bila kulala.

"Nieleze kwanza wewe. Unaijua kodi ya ununuzi?"

"Naijua kwa sababu imenikosesha usingizi. Ukinunua nyumba, haihamii kwenye jina lako mpaka uilipie kodi serikalini. Lakini kama ni nyumba yako ya kwanza maishani, na utakaa mwenyewe, unasamehewa karibu yote."

"Mara moja tu."

"Mara moja tu. Ya pili unalipa yote, na nyongeza juu. Najua. Nimepiga hesabu zangu nikitegemea msamaha huo. Bila msamaha sinunui hata mlango."

"Kumbukumbu zinasema msamaha wako ulishautumia miaka sita iliyopita. Nyumba ndogo, ng'ambo ya reli. Na wiki iliyopita ulitia saini tamko kwamba hujawahi kumiliki nyumba. Mama, mtu akidanganya katika tamko lile, tunakuwa tumetoka kwenye kodi. Tumeingia mahakamani."

"Kwa hiyo nimekosa nyumba, nimepata kesi."

"Bado. Muuzaji wako amekupa muda gani?"

"Mpaka Ijumaa. Kuna mtu mwingine anamsubiri na fedha mkononi."

"Kitambulisho chako kimewahi kupotea?"

"Hakitoki nyumbani bila mimi. Nikienda kazini natembea na cha hospitali. Hicho kingine kinakaa chumbani, droo ya juu."

"Nani mwingine anafungua droo hiyo?"

Mkunga alikuna kidole gumba.

"Mume wangu," akasema. "Soksi zake zimo humo."

*

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu mnene aliyevaa miwani kwenye paji la uso siku nzima na kuitafuta siku nzima.

"Faili hili limeiva," akasema. "Mtoze kodi kamili, weka na faini, lipeleke kwa wanasheria."

"Mwizi harudi dukani kuuliza kwa nini mlango umefungwa, mkuu. Huyu mama amekuja kwa miguu yake mwenyewe."

"Wapo wanaorudi. Wanaitwa wajanja."

"Mjanja asingeomba msamaha wa mara ya pili kwa jina lile lile, kwenye ofisi ile ile."

Mkuu akapapasa meza akitafuta miwani. "Basi ni mume. Kachukua kitambulisho cha mke, kamnunulia kimada nyumba. Nyumba ndogo, kwa maana zote mbili." Akajichekea. "Nimeona kesi hizo mpaka nimechoka."

"Huenda. Nipe mpaka Ijumaa."

"Alhamisi jioni. Na ukikuta ni kimada, nakudai chai."

"Miwani iko usoni, mkuu."

*

Ng'ambo ya reli nyumba zilikuwa zimebanana, lakini ile moja ilikuwa na kitu ambacho jirani zake hawakuwa nacho. Mahali pa ngazi za mlangoni palimiminwa saruji, pakawa mteremko laini. Bisibisi alisimama pale akaukanyaga kwa ncha ya kiatu. Saruji ilikuwa ya zamani, imeshasuguliwa.

"Hodi!"

Ilichukua muda. Aliyefungua alikuwa bibi mwembamba anayesukuma kiunzi cha chuma cha kutembelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama unauza kitu, sina hela. Kama unahubiri, ingia, nina nafasi."

Bisibisi akaonyesha kitambulisho cha kazi, akasema anakagua nyumba zilizosamehewa kodi. Bibi akampisha. Ndani palikuwa safi. Zulia hakuna, vizingiti vimeng'olewa, milango imepanuliwa. Bafuni, kando ya choo na chini ya bomba la kuogea, palikuwa na vyuma vya kushikia, vimefungwa imara ukutani. Kila ncha ya chuma ilikunjwa ndani kama mkia wa kinyonga.

"Kazi nzuri," Bisibisi akasema akivipapasa.

"Havijanitupa hata siku moja."

"Unampa nani kodi ya pango, mama?"

"Mimi nakaa tu."

"Na anayetunza nyumba?"

"Mungu."

"Mungu anapita siku gani?"

Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Jumamosi. Anakuja na mtungi wa gesi."

Bisibisi akacheka naye, wakarudi jikoni. Kisha, kwa sauti ile ile ya mazungumzo, akamtajia jina kamili la mkunga. "Kumbukumbu zinasema yeye ndiye mwenye nyumba hii. Unamfahamu?"

Kicheko kikakatika. Bibi akashika ukuta, akajishusha kwenye kiti cha jikoni.

"Yuko mzima?" akauliza.

"Mzima. Nimeongea naye jana."

"Bado ana ile kazi ya kuzalisha?"

"Bado."

Bibi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo mzito kidogo kidogo. "Mungu ashukuriwe. Sasa nimechoka, mwanangu. Mlango unaujua."

Bisibisi alipotoka alisimama juu ya daraja la reli, akapanga alichokiona. Hakuna mwanamume anayemfungia kimada vyuma vya kushikia chooni. Nyumba hii ilinunuliwa kwa ajili ya bibi huyu, na fundi wake alimpenda au alimheshimu. Pili, mpangaji akisikia jina la mwenye nyumba huuliza habari za bati linalovuja. Haulizi kama yuko mzima. Swali lile huulizwa na mtu aliyekatazwa kuuliza siku zote.

*

Wakili aliyeshuhudia mauzo yale alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa. Alikuwa mzee nadhifu, na alijibu maswali akiwa amefumba macho.

"Miaka sita? Dada yangu, tangu hapo nimeshuhudia nusu ya mji ikiuziwa nusu nyingine."

Bisibisi akaweka mezani picha ya mkunga. Wakili akafumbua jicho moja.

"Ndiye. Au... ngoja. Yule alikuwa mwembamba kidogo. Lakini miaka huongeza nyama, na mimi si mtu wa kumwambia mwanamke hivyo."

"Alikuja peke yake?"

"Sheria hairuhusu. Mtu mwenye ndoa akinunua nyumba, mwenzake lazima aje akiri kwamba anajua. Alikuja na mumewe, na kitambulisho chake nilikikagua. Jamaa wa mikono mikubwa, ngumu. Nawakumbuka kwa sababu walinifurahisha. Wanandoa wengi wakifika hapa huwa wameshanuniana tangu nyumbani. Wale walikuwa wanataniana."

"Utani gani?"

"Mume alikuwa anatetemeka na kalamu. Mke akamwambia, 'Shemeji, acha kutetemeka kama unakula kiapo, tia saini twende zetu.' Nikacheka sana."

Bisibisi aliweka kalamu yake chini. "Alimwita nani?"

"Shemeji. Nikadhani ni mapenzi yao. Siku hizi watu wanaitana chochote."

"Wakili, wewe umeoa?"

"Miaka thelathini na kitu."

"Mkeo amewahi kukuita shemeji?"

Wakili akafumbua macho yote mawili. Akaichukua tena ile picha, akaisogeza kwenye mwanga, na polepole uso wake ukabadilika rangi.

"Hata siku aliyonitupia sufuria," akasema, "hakunifikisha huko."

Bisibisi alishuka ngazi akiwa na njia mbili. Mwanamke humwita shemeji kaka wa mumewe, au humwita hivyo mume wa dada yake. Ikiwa jamaa yule alikuwa mume halisi, mwanamke alikuwa ndugu wa mkunga, tena wa kufanana naye. Ikiwa alikuwa kaka wa mume, basi hata kitambulisho cha kiume kilikuwa cha kuazima, na wahusika walikuwa watu wengine kabisa. Nusu ya jibu ilikuwa katika ile mikono.

*

Mume wa mkunga alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma nyuma ya soko la mbao. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Bisibisi alimkuta amevaa kinyago cha kuchomelea, cheche zinaruka. Hakumwita. Alizunguka akitazama mageti yaliyoegemezwa ukutani, madirisha, fremu ya kitanda. Ncha zote zilikunjwa ndani, mkia wa kinyonga.

Cheche zikazimika. "Karibu, dada. Unataka geti?"

"Nauliza tu. Hizi ncha unazikunjia nini? Ni kazi ya ziada."

"Zisimkwaruze mtu." Fundi akavua kinyago, akatabasamu. "Mafundi wengine hawajisumbui. Ukiona ncha kama hiyo popote mjini, jua ni mkono wangu."

"Nimeziona mahali pamoja mjini. Nimeziona bafuni, ng'ambo ya reli."

Tabasamu likamganda usoni. Bisibisi akatoa kitambulisho chake, akamwachia muda wa kukisoma.

"Una haki ya kunyamaza na kuja ofisini na wakili," akasema. "Lakini sheria yetu inasema hivi: anayekiri kabla hatujafungua mashtaka hulipa kodi aliyoikwepa pamoja na faini, na mambo yanaishia hapo. Anayekiri baadaye hukiri mbele ya hakimu. Sikuulizi kama ulikuwa kwa wakili siku ile. Nakuuliza nani alikuita shemeji."

Fundi akageuza ndoo, akaikalia. Mikono ile mikubwa akaibana katikati ya magoti.

"Kitinda," akasema.

"Ndugu wa mke wako?" mtu mwingine angeuliza. Bisibisi alingoja tu.

"Wamezaliwa wawili. Kitinda ndiye wa mwisho, ndiyo maana ya jina. Mama yao aliwaacha kwa shangazi, mke wangu akiwa binti mdogo, Kitinda akiwa bado ananyonya. Akaenda zake na mwanamume mwingine. Mke wangu ndiye aliyemlea mdogo wake mgongoni. Miaka yote ukimtajia mama anakwambia alishakufa. Halafu mama karudi, mgonjwa, hana pa kulala. Kitinda akaja hapa hapa, akalia."

"Kitinda ndiye aliyelipia nyumba?"

"Yote. Biashara zake zinakwenda vizuri. Lakini alikuwa na nyumba tayari, kwa hiyo ile ingekuwa ya pili. Kodi kamili, nyongeza juu. Asingeimudu. Mimi nami nilirithi fungu katika nyumba ya baba kijijini, jina langu halikufaa. Akasema, dada hatanunua nyumba maisha yake yote, ule msamaha unaozea kwenye droo. Tena mama akifa, nyumba inabaki kuwa ya dada. Tukajiambia tumemwekea."

"Mlimwekea, au mlimchukulia?"

Nje, mtu alikuwa akipigia kelele bei ya mbao.

"Alipoanza kuongea habari za kununua nyumba," Fundi akasema, "nikashindwa kula. Nilisema huenda kompyuta haitaona."

"Kompyuta imeona. Mwambie leo. Kesho nawaita nyote watatu, na sitaki asikie kwangu kabla hajasikia kwako."

*

Alhamisi mchana walikaa mbele ya meza ya Bisibisi. Kati ya mkunga na mumewe palikuwa na kiti kitupu. Kitinda alichagua kusimama. Ukiwatazama wale ndugu wawili walifanana kama shilingi kwa ya pili, ila mmoja alikuwa amelia na mwingine hakuwa amelia.

"Nitasema mara moja, ili kila mtu asikie sawasawa," Bisibisi akaanza. "Mama, kuna njia mbili. Ukikubali kwamba saini ile ni yako, nyumba ng'ambo ya reli ni yako kisheria. Hii unayoinunua sasa itakuwa ya pili, utalipa kodi yote, na utajibu kwa nini ulitamka huna nyumba. Ukikana, utatoa maelezo hapa kwamba hukutia saini. Jina lako litatolewa, msamaha wako utarudi, na kesho utanunua. Lakini maelezo hayo yatataja aliyetia saini na aliyetoa kitambulisho."

"Mama yetu atatolewa?" Kitinda akauliza.

"Hapana. Nyumba itahamia kwa aliyeilipia, ambaye ni wewe. Utalipa kodi iliyokwepwa miaka sita iliyopita, na faini. Shemeji yako naye ana faini yake."

Kitinda akapiga magoti kando ya kiti cha mkunga. "Dada, kubali tu ni yako. Ile kodi nitakulipia mimi. Nitauza chochote. Tusiandikane kwenye makaratasi ya serikali, sisi ni damu moja."

"Damu moja," mkunga akasema.

"Mimi sikumjua akiondoka, dada. Nilimjua akirudi. Ningefanya nini?"

"Mimi nilimjua akiondoka. Nilikuwa na wewe mgongoni, unalia njaa, namkimbilia barabarani." Sauti yake haikupanda. "Ungekuja kwangu. Ningekataa. Ungekuja tena, ningekataa tena. Hiyo ilikuwa haki yangu, kukataa. Ninyi mkaniona jiwe, mkanipita pembeni, mkaenda kuwa mimi."

Fundi akafungua mdomo. Mkunga akainua kiganja bila kumtazama, na mdomo ukafungwa.

"Ninyi hapa mnazalisha watoto?" akamuuliza Bisibisi ghafla.

"Hapana, mama."

"Mimi nazalisha. Kila zamu naandika jina la mtoto mahali pake, na la mama mahali pake. Nikikosea, mtu anaishi maisha ya mwingine. Lete hayo maelezo."

Bisibisi aliyaandika akimsomea sentensi moja moja, na mkunga akisahihisha. Mahali palipoandikwa "watuhumiwa" akataka paandikwe "mume wangu na mdogo wangu." Bisibisi alifikiria kidogo, akaona sheria haikatazi, akabadilisha. Mkunga akatia saini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kitinda akatia yake baada ya kufuta macho. Fundi akatia ya mwisho, na safari hii mkono haukutetemeka.

"Kesho asubuhi nenda dirishani moja kwa moja," Bisibisi akamwambia mkunga. "Msamaha wako utakuwa umerudi. Usichelewe, muuzaji asije akakugeuka."

"Sitachelewa."

Alisimama, akautundika mkoba wa kazi begani. Alipofika mlangoni akageuka, akamtazama Kitinda aliyekuwa bado sakafuni.

"Ana sukari au presha?"

"Nani?"

"Unajua ninamuuliza nani."

"Vyote viwili," Kitinda akasema.

"Nani anampima?"

Kitinda na Fundi wakatazamana.

"Inuka," mkunga akasema. "Nionyeshe njia. Fundi, wewe utakaa kiti cha nyuma cha teksi na hutasema neno." Akafungua mkoba, akahakikisha kipimo kimo, akaufunga. "Na msije mkafurahi. Sijamsamehe mtu. Nakwenda kumpima presha."